Kukaza Springi Hakuifanyi Ngumu

Wiki ya mashindano ya motokrosi ikikaribia simu yangu haipumziki, na swali ni lile lile: "Fundi, nyuma inagonga mwisho nikitua. Nikaze springi mizunguko mingapi?" Zamani nilijibu kwa upole. Siku hizi nauliza kwanza, una kilo ngapi? Kimya. Kilo zake hazijui, lakini nyundo na bisibisi tayari viko mkononi, na pete ya juu ya springi imeshachakazwa meno yote.

Imani yenyewe ni kwamba ukiikaza ile pete ya shokapu, springi inakuwa ngumu. Haiwi. Ugumu wa springi umo kwenye unene wa waya, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko yake, mambo yaliyokwisha kiwandani. Springi nyingi za motokrosi zimeandikwa namba ya ugumu huo ubavuni. Tuseme ni 50: kila milimita moja ya kuibana inadai nguvu ya niutoni 50. Ikaze kidogo, ikaze mpaka jasho likutoke, milimita inayofuata itadai 50 zile zile.

"Lakini fundi, nikiikalia naisikia imekuwa ngumu!" Unaisikia kweli, na hapo ndipo inapokudanganya. Springi ya 50 iliyokazwa milimita 10 haianzi kusogea mpaka nguvu ifike niutoni 500. Ikaze milimita 20, itasubiri 1,000. Mwanzo umeuzidisha mara mbili, na ndio mwanzo huo unaoupima ukibonyeza kiti gereji mbele ya rafiki zako. Sasa twende kule unakogonga, shokapu ikiwa imezama milimita 130. Kabla ya kukaza springi ilikuwa inakusukuma kwa 7,000. Sasa inasukuma kwa 7,500. Asilimia saba tu! Palipotakiwa kuwa pagumu hujaongeza cha maana, na palipotakiwa kuwa laini umeweka jiwe.

Deni lake utalilipa kwenye kona. Nyuma imepanda, pua imeinama, usukani unacheza kwa kuguswa tu. Gurudumu la nyuma nalo limenyimwa nafasi ya kushuka kufuata shimo, kwa hiyo linaelea. Simama pembeni ya kona yoyote yenye mawimbi ya udongo, iwe Busiika kwa Waganda au Jamhuri kule Nairobi, uangalie nani anarushwa matako juu kama aliyepanda punda mkorofi kila akifunga breki. Mara nyingi si uoga wala uzembe wa mpanda. Ni mizunguko mitano ya baba mtu, aliyoiongeza asubuhi ile ile kwa nia njema.

Pete ile kazi yake ni kimo. Dereva wa bodaboda anayesogeza shokapu zake hadi kituo cha mwisho kwa sababu ya magunia mawili ya mkaa hakosei hata kidogo: anainua pikipiki iliyozama kwa mzigo. Springi zake ni zile zile.

Basi pima, usibahatishe. Weka pikipiki juu ya stendi, gurudumu la nyuma lining'inie, upime kutoka ekseli kwenda juu wima hadi alama uliyotia kwenye madigadi. Ishushe, mpanda apande akiwa na helmeti, buti na maji yake mgongoni, mtu mwingine aishike isianguke, upime tena. Kwa pikipiki ya ukubwa kamili, ambayo gurudumu lake la nyuma husafiri kama milimita 300, tofauti iwe 100 hadi 105. Ndipo uguse pete. Ukishaipata tofauti hiyo, mpanda ashuke, upime pikipiki ikibeba uzito wake peke yake: inatakiwa izame kati ya 30 na 40. Ikizama chini ya 25, springi ni laini mno kwako, maana umelazimika kuikaza kupita kiasi ndipo ikubebe. Ikizama zaidi ya 45, ni ngumu mno. Ndiyo, umesoma sawasawa. Rudia polepole, wengi huinunua kinyume.

Vipimo viko sawa na bado inagonga? Kaza skrubu ya kompresheni kliki mbili, jaribu, kisha mbili tena. Usiposikia tofauti, oili ya ndani imechoka: shokapu ifunguliwe, imwagwe, ijazwe upya pamoja na gesi ya naitrojeni, siyo upepo wa fundi pancha. Beringi za linki zipakwe grisi. Uma wa mbele upewe oili yake, si ile iliyobaki ulipobadilisha ya injini, na hewa iliyojikusanya juu itolewe kabla ya mbio. Tairi, 12 hadi 14 PSI zikiwa baridi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukiandike.

Pikipiki nyingi za aina hii hutoka kiwandani na springi ya mtu wa kilo 75 hivi. Kwa hiyo ukinipigia wiki ijayo, anza na kilo zako, ukiwa umevaa buti.