Theluji ya Juni na Vijana Wetu Mlimani



Masika yakiisha, mwezi wa Juni, Kilimanjaro hujitokeza mweupe na watalii huanza kuja kwa wingi. Vijana wetu wengi huenda kubeba mizigo, nasi wazazi hufurahi kwa kuwa ada ya shule itapatikana. Basi tujue njia ikoje huko wanakokwenda.

NJIA ILIVYO
Msituni bado kuna matope, na mizizi inateleza. Kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kwenye kambi za Kibo na Barafu, karibu mita 4,700, maji huganda usiku. Theluji nayo alfajiri huwa ngumu na yenye kuteleza. Jua likipanda huyeyuka na kulowanisha viatu. Viatu vilivyolowa mchana ndivyo vinavyoumiza vidole usiku.

KIJANA ALIYEFICHA
Juni 2019 aliletwa wodini kijana mmoja amefunika macho kwa mikono. "Mama," aliniambia, "nahisi mchanga machoni, na jana mchana nilikuwa mzima." Alikuwa ametembea kwenye theluji bila miwani ya jua. Theluji hurudisha mwanga wa jua usoni, jicho huungua, na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Tulimlaza gizani na kumwekea kitambaa cha maji baridi. Baada ya siku 2 aliona vizuri.

Nilipomhoji zaidi, alikiri kwamba kichwa kilimuuma na alitapika siku mbili nzima huko juu. Alinyamaza akiogopa kurudishwa na kukosa malipo. Hilo lilinitisha kuliko macho yake.

DALILI ZA HATARI
Huko juu hewa ni nyepesi. Kuzaliwa chini ya mlima si kinga. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, mtu asipande zaidi. Akipepesuka kama mlevi, akisema ovyo, au akihema ingawa amekaa, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku. Asiachwe ashuke peke yake.

Aliyepigwa na baridi avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe, anyweshwe chai ya moto yenye sukari ikiwa ana fahamu. Vidole vilivyokufa ganzi visisuguliwe wala kuotwa motoni. Pombe haipashi mwili joto, huupotezea joto.

KABLA HAJAONDOKA
Mama, baba, fungueni mfuko wake mtazame:
1. Viatu imara visivyopitisha maji.
2. Soksi nzito, jozi 2 za akiba, zifungwe kwenye nailoni.
3. Sweta, koti la mvua, kofia na glavu.
4. Miwani ya jua inayofunika hadi pembeni.

Mzigo wake usizidi kilo 20, ndiyo kanuni ya hifadhi.

Kisha mwambieni wazi: "Mwanangu, ukiumwa sema, ushuke. Ukirudi bila fedha hatutakugombeza." Yule kijana hakuwa ameambiwa hivyo na mtu yeyote.