Rundo la marudio lina thamani gani? Pima kwanza, uza baadaye

Kuna sarafu ya dhahabu ambayo wakusanyaji wa sarafu duniani wanaijua kwa jina la mji wetu. Ilipigwa mwaka 1916 hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati Wajerumani wamebanwa na vita na hawapati fedha kutoka kwao. Thamani yake ilikuwa rupia 15, ina picha ya tembo, na dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Iramba. Wanaoikumbuka sarafu ile ni wengi. Wachache ndio wanaouliza swali la pili: mawe yakishasagwa na dhahabu ikatolewa, kile kinachobaki kinakuwa nini?

Kinachobaki wachimbaji wetu wanakiita marudio. Ni mchanga na tope laini lililokwisha kusagwa na kuoshwa, likarundikwa pembeni. Kwenye migodi mikubwa utasikia neno topesumu, kwa sababu lina kemikali na linahifadhiwa kwenye bwawa maalumu. Ukitoka Mtendeni ukashika barabara ya kaskazini, baada ya kilomita zaidi ya mia moja unafika Nzega, na huko marudio si neno la kitabuni. Ni mali inayouzwa na kununuliwa. Shida ni kwamba mara nyingi inauzwa kwa macho. Makala hii inaeleza kwa nini macho hayatoshi, na mhandisi mshauri anafanya nini cha ziada mbele ya rundo kama hilo.

Taka ya nani, ya lini?

Tuanze zamani kidogo. Kabla ya reli, soko la Tabora lilikuwa likipokea majembe ya chuma kutoka kwa wafua chuma wa Usumbwa na majirani zao. Tanuri zao za udongo zilibakiza kitu kizito, cheusi, chenye matundu, kinachoitwa mavi ya chuma. Ukilipima donge la mavi hayo leo utakuta lina chuma kingi sana ndani yake. Wale mafundi hawakuwa wajinga. Katika tanuri ya aina ile sehemu ya chuma hushikana na mchanga wa jiwe na kuyeyuka pamoja nao, na kwa moto waliokuwa nao haikuwa rahisi kuvitenganisha.

Hapo ndipo lilipo jambo la msingi. Taka ni jina tunalokipa kitu ambacho teknolojia ya wakati fulani, kwa bei ya wakati fulani, imeshindwa kukitumia. Teknolojia ikibadilika, au bei ikipanda, jina linaweza kubadilika. Linaweza tu, si lazima. Na hapo ndipo hesabu inapohitajika.

Kwa nini marudio ya mchimbaji mdogo yana dhahabu?

Mchimbaji mdogo anatoa mawe kwenye duara, anayapeleka kwenye karasha, yanasagwa, kisha unga unaoshwa kwenye mwalo juu ya magunia au mablanketi. Chembe nzito za dhahabu zinanasa, nyepesi zinapita na maji. Kilichonaswa kinachanganywa na zebaki, dhahabu inashikana nayo, kisha mchanganyiko unachomwa ili zebaki iruke na dhahabu ibaki.

Njia hii ni ya haraka na haihitaji mtaji mkubwa, lakini ina udhaifu wa kimaumbile. Zebaki inashika tu ile chembe ya dhahabu inayogusana nayo. Chembe iliyofungiwa ndani ya punje ya jiwe haiguswi. Chembe ndogo mno inaelea na kwenda zake na maji. Kwa hiyo dhahabu inayopatikana mara nyingi ni chini ya nusu ya iliyokuwamo kwenye jiwe. Iliyobaki iko pale kwenye marudio.

Sasa linganisha na Golden Pride, mgodi uliokuwa hapo hapo Nzega, ambao ulikuwa wa kwanza kati ya migodi mikubwa ya kisasa ya dhahabu nchini. Ulianza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990 na ulifungwa takriban miaka 15 baadaye. Mtambo wa kisasa wa sayanaidi na kaboni kwa kawaida hutoa karibu asilimia 90 ya dhahabu, pengine zaidi. Tuseme jiwe lina gramu 2 kwa tani: kwenye bwawa inabaki kama gramu 0.2. Mchimbaji mdogo akisaga jiwe la gramu 8 akapata asilimia 40, anaacha gramu 4.8 kwa tani. Yaani rundo dogo nyuma ya karasha linaweza kuwa tajiri mara nyingi kuliko bwawa zima la mgodi mkubwa, kila tani kwa tani yake.

Na rundo hilo ni la nani? Kwenye maeneo mengi ya uchimbaji mdogo, mwenye karasha ndiye anayebaki na marudio, kama sehemu ya malipo ya kusaga. Mchimbaji anaondoka na alichokiona. Mwenye karasha, au anayemuuzia, anaondoka na kisichoonekana.

Mhandisi anaanzia wapi?

Hebu tufuate hatua moja moja, maana ndizo kazi yenyewe.

*Kwanza, sampuli.* Hili ndilo linaloharibiwa zaidi. Mtu anachota koleo tatu juu ya rundo, anapeleka maabara, anarudi na namba. Lakini rundo si uji uliokorogwa. Maji yalipomwaga marudio, mchanga mzito ulitua karibu na mdomo wa mfereji na tope laini likaenda mbali. Pia mawe ya mwezi huu hayakutoka kwenye mwamba ule ule wa mwaka jana. Mhandisi anagawa rundo kwa mistari kama daftari la hesabu, na kila mistari inapokutana anazamisha bomba mpaka chini. Kinachotoka kinachanganywa, kinarundikwa kama pia, kinagawanywa robo nne, robo mbili zinazotazamana zinachukuliwa, na zoezi linarudiwa mpaka upatikane mfuko mdogo unaowakilisha rundo lote.

*Pili, kipimo.* Maabara kama ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyopo Dodoma, zinafanya kazi hii. Njia inayoaminika kwa dhahabu ni ya moto: sampuli inayeyushwa pamoja na oksidi ya risasi, risasi inaikusanya dhahabu, kisha risasi inaondolewa kwa joto na kubaki kipunje kinachopimwa.

*Tatu, jaribio la chupa.* Kujua dhahabu imo si sawa na kujua inatoka. Sehemu ya sampuli inawekwa kwenye chupa pamoja na maji ya sayanaidi na chokaa, inazungushwa saa 24 au zaidi, huku mtaalamu akipima dhahabu iliyoingia kwenye maji na sayanaidi iliyoliwa. Marudio yenye shaba nyingi au salfaidi yanakula sayanaidi kama moto wa nyasi kavu. Unaweza kupata dhahabu yote na bado ukafilisika.

*Nne, maji yanapita?* Kwenye matangi ya kuchenjulia, ambayo wengi wanayaita vati, maji ya sayanaidi yanachuja polepole kupita kwenye marudio, kisha yanaingia kwenye kaboni inayoshika dhahabu. Kaboni hiyo mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Tope likiwa na mfinyanzi mwingi, maji yanasimama. Hapo inabidi kuchanganya na mchanga mzito au kubadili njia kabisa.

Hesabu ya bahasha

Tuseme una rundo la tani 200. Kosa la kwanza ni kusahau maji. Kama unyevu ni asilimia 15, tani kavu ni 170. Kipimo kimesema gramu 4 kwa tani, basi humo mna gramu 680. Chupa imetoa asilimia 80, lakini vati haifanyi vizuri kama chupa. Weka asilimia 65. Utapata gramu 442.

Badilisha kitu kimoja tu: kipimo kiwe gramu 1.2. Sasa humo mna gramu 204, na utakazopata ni kama 133. Kwenye hizo toa sayanaidi, chokaa, kaboni, dizeli, vibarua, kiwanda cha kutoa dhahabu kwenye kaboni, mrabaha na tozo. Inawezekana usibaki na kitu.

Marundo haya mawili kwa macho ni sawa kabisa. Rangi moja, urefu mmoja, hata ukiyashika mkononi. Anayeuza kwa tripu ya lori bila kipimo anacheza kamari na mtu ambaye pengine ameshapima kimyakimya. Ndiyo maana ushauri bora wa mhandisi wakati mwingine ni neno moja tu: usinunue. Au kwa upande wa pili: usiuze kwa bei hiyo.

Sumu mbili zikikutana

Kuna jambo ambalo hesabu ya bahasha haionyeshi. Marudio ya mwalo yana mabaki ya zebaki. Ukiyamwagia sayanaidi, sayanaidi inayeyusha zebaki pia, na zebaki iliyokuwa imetulia kwenye mchanga inaingia kwenye maji na kuanza kusafiri. Nyingine inashikwa na kaboni pamoja na dhahabu, kisha inaruka hewani kaboni au dhahabu inapopashwa moto. Anayeivuta ni fundi aliyesimama pale.

Nzega ni nchi ya ng'ombe na mpunga, na maji ya mvua hayaulizi mpaka wa leseni. Kwa hiyo kabla ya vati mhandisi anataka zebaki itolewe, kwa mfano kwa kuyapitisha marudio upya kwenye vifaa vya kutenganisha kwa uzito. Anataka sakafu isiyovuja. Anataka pH ya maji ibaki zaidi ya 10 kwa kutumia chokaa, maana ikishuka sayanaidi inageuka kuwa gesi ya kuua. Na mwisho wa kazi sayanaidi iliyobaki ivunjwe, isiachwe ijiishie yenyewe. Mtaalamu anayekuletea hesabu ya dhahabu bila hesabu ya maji amekuletea nusu ya kazi.

Je, huo mchanga wenyewe?

Tani moja ya marudio ina gramu milioni moja. Ukitoa gramu 3 za dhahabu, zimebaki gramu 999,997. Watu wengi wanasema: tufyatue matofali! Wazo si baya. Mchanga uliosagwa unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya mchanga wa mto kwenye tofali la saruji. Lakini vipimo viwili ni vya lazima. Cha kwanza, tofali likinyeshewa, je, linatoa zebaki, risasi au aseniki? Cha pili, lina salfaidi? Salfaidi ikikutana na hewa na maji inatengeneza asidi na salfeti, na salfeti inaitafuna saruji mpaka ukuta unapasuka.

Halafu kuna usafiri. Hapa watu wa Tabora tunayo historia ya kutufundisha. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, miezi kadhaa mpaka Bagamoyo. Alibeba pembe za ndovu, si mtama, kwa kuwa mzigo lazima uulipie mwendo wake. Kaboni yenye dhahabu inaweza kuulipia mwendo mrefu. Tofali la marudio haliwezi. Soko lake ni la hapo hapo Nzega: madarasa, vyoo, kingo za barabara. Kama hapo hakuna mjenzi, hiyo si bidhaa bado.

Mfano mkubwa: Kasese

Utauliza, kuna mahali jambo hili limefanyika kwa ukamilifu? Lipo, jirani tu, magharibi mwa Uganda. Mgodi wa shaba wa Kilembe, ulioanza kuzalisha mwaka 1956, ulirundika Kasese takriban tani milioni moja za pairiti yenye kobalti. Kwa miaka mingi mvua iliosha rundo lile, ikatengeneza asidi, na asidi ikatiririka kuelekea Hifadhi ya Queen Elizabeth na Ziwa George.

Wahandisi, wakiwemo wa taasisi ya jiolojia ya Ufaransa BRGM, walitumia miaka kadhaa maabarani na kwenye mtambo wa majaribio kabla ya kujenga. Walichofanya ni kumgeuza adui kuwa kibarua. Bakteria wale wale wanaotengeneza asidi kwenye rundo waliwekwa kwenye matangi ya zaidi ya mita za ujazo 1,000 kila moja, wakapewa hewa na joto linalowafaa, wakaivunja pairiti na kuiachia kobalti. Kampuni ya Kasese Cobalt ilianza mwaka 1999 na ikaendelea mpaka rundo lilipokwisha. Asidi ilizimwa kwa mawe ya chokaa, na mabaki yakahifadhiwa mahali palipoandaliwa.

Angalia, hata pale taka haikuisha. Ilibadilika kutoka inayodhuru kuwa iliyotulia, na njiani ikalipa gharama zake. Hicho ndicho kipimo cha haki cha kazi hii.

Ukiwa na rundo kesho asubuhi

Usimwamini anayetaja faida kabla ya sampuli. Dai kipimo kifanywe mbele ya pande zote mbili, na sampuli ya tatu ifungwe na kuhifadhiwa kwa ajili ya ugomvi wa baadaye. Kama hujui thamani, afadhali mkubaliane kugawana kwa asilimia kuliko kuuza kwa tripu. Hakikisha mhandisi wako amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na muulize maji machafu yatakwenda wapi. Akisita kwenye swali hilo la mwisho, tafuta mwingine.

Na wewe mwanafunzi wa madini, kemia au ujenzi unayetafuta mada ya utafiti: marundo yapo, chupa za maabara zipo, na watu wanauza kwa macho. Kazi iko hapo.