Wifi haifiki chumba cha nyuma: tufanye namna gani?

Siku moja kwetu Mashamba mama alikuwa akisema kwa video na yaya wetu aliye masomoni Lubumbashi. Katika saloni walionana vizuri. Akaingia chumba cha nyuma kutafuta karatasi ya feza za masomo, basi uso wa yaya ukakwama na sauti ikakatika. "Hii mashini iko mubaya," mama akasema, "tuuze ingine." Lakini feza ya kununua ingine ilikuwa ile ile ya yaya. Nikaomba nipewe siku moja kwanza.

Ninaandika juu ya wifi, si wifi wa ndoa, ingawa huyu naye hapendi kuwekwa pembeni.

Mujue kwanza kwamba nyumba nyingi za huku ziko na rezo mbili. Moja inatoka kwenye mnara mpaka kwa mashini yenye kadi ya SIM. Ya pili inatoka kwa mashini mpaka kwa telefoni. Simama hatua mbili karibu na mashini. Kama hata hapo video haiendi, ubaya uko upande wa mnara, ao mega zimeisha. Kama inaenda vizuri hapo na chumbani inakufa, ni rezo ya pili. Kwetu ilikuwa hiyo.

Mashini yetu ilikaa chini, nyuma ya televizio, kati ya frigo na bidoni za maji. Ni pahali pabaya kabisa! Wimbi la wifi ya GHz 2.4 lina urefu wa sentimita 12 hivi. Ukuta wa matofari linapita, lakini kila ukuta unalipunguzia nguvu. Chuma hakilipitishi, kinalirudisha: frigo, mlango wa chuma, manjanja, hata wavu wa chuma wa kuzuia mbu, kwa sababu matundu yake ni madogo sana. Maji nayo yanalimeza.

Tukapandisha mashini juu ya kabati, katikati ya nyumba, antena zikisimama wima, maana antena ya namna hiyo inatupa wimbi pembeni zaidi kuliko juu na chini. Chumba cha nyuma kikapata wifi. Lakini sasa mashini iko mbali na dirisha, na mistari ya mnara ikashuka kutoka 4 mpaka 2. Juu ya hiyo tukahangaika mchana mzima, mimi nikibeba mashini, mama chumbani na telefoni akipiga kelele: "Iko! Haiko!" Mwisho tukapata pahali pa kupatanisha zote mbili: juu ya kabati karibu na dirisha, lakini mbele ya mlango wa saloni unaoelekea chumbani.

Mashini nyingi ziko na wifi mbili, ya 2.4 na ya 5. Ile ya 5 ina mbio, lakini inachoka upesi kwenye kuta. Chumba cha mbali kichukue 2.4. Na kama nyumba za majirani zinagusana, wifi zao zinasukumana na yako. Ingia katika mipango ya mashini, ujaribu njia ya 1, 6 ao 11.

Mwenzangu mmoja alizungusha waya wa shaba kwenye antena ili ivute rezo. Kama shaba ingeita rezo, Kolwezi yote ingeshinda ulimwengu! Antena imepimwa kufuatana na urefu wa wimbi. Ukiifunga chuma unaiharibu.

Kuna pia mashini ndogo ya kurudilia wifi. Usiiweke katika chumba kisichopata kitu, itarudilia nini? Iweke katikati ya njia, wifi ingali nzuri. Nyingi zinapunguza mbio karibu nusu. Waya wa rezo ni bora, unafika metre 100.

Sisi hatukununua kitu. Jioni ile mama alisema na yaya akilala kitandani, karatasi mkononi, mpaka mega zikaisha.