Mtuhumiwa Asikabidhiwe Bila Haki

Mtu akishtakiwa kwa wizi wa ng'ombe hapa Singida, hakimu humsikiliza kwanza. Je, akitakiwa na nchi nyingine?

Agosti 1982 wanajeshi wa Kenya walijaribu kuipindua Serikali yao, wakashindwa. Kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, alikimbilia Tanzania. Mwaka 1983 alirudishwa Kenya. Nayo Kenya ikaturudishia Watanzania waliotuhumiwa kutaka kuipindua Serikali yetu. Mwaka 1987 Ochuka alinyongwa.

Sheria yetu ya mwaka 1965 inakataza kumtoa mtu kwa kosa la siasa. Sisi twasema iongezwe nguvu: mtu asitolewe kamwe bila hakimu kumsikiliza, wala kabla ya kupata ahadi kwamba hatauawa.

Mkosaji ahukumiwe, lakini kwa haki. Tukiilinda haki ya mgeni, tumeilinda na yetu.