KUKU MDOGO APEWE MAYAI MACHACHE

Mara nyingi tunasikia maneno haya kijijini: "Kuku wangu amelalia mayai 13, lakini ametotoa vifaranga 4 tu. Kuku huyu hana bahati." Jirani naye hudakia: "Hapana, kuna mtu ana kijicho."

Kumbe si bahati wala si kijicho. Mayai yalikuwa mengi kuliko kifua cha kuku. Leo tueleze jambo hili, maana linawapotezea watu mayai na vifaranga kila mwaka.

CHING'WEKWE NI KUKU GANI?

Katika mkoa wa Morogoro na sehemu nyingine za Tanzania wako kuku wa kienyeji wenye umbo dogo na miguu mifupi. Wanaitwa ching'wekwe. Jogoo mzima ana uzito wa kilo moja na nusu hivi. Mtetea ni mdogo zaidi. Ukimlinganisha na kuchi, yule kuku mrefu mwenye shingo ndefu, ching'wekwe anaonekana kama mtoto wake.

Wako watu wanaomdharau kwa sababu nyama yake ni kidogo. Lakini wako wanaomfuga kwa kumpenda tu. Hahitaji banda kubwa na chakula chake si kingi. Jioni, baada ya kazi za shamba, mtu hukaa kwenye kigoda akamtazama koo anavyowaita vifaranga wake. Hiyo nayo ni raha. Na yai la kitoweo halikosi.

KWA NINI MAYAI MACHACHE?

Yai hutotolewa na joto la mwili wa kuku. Kuku hulifunika yai kwa kifua na mabawa. Kama mayai ni mengi, yale ya pembeni hubaki nje, yakapoa.

Sasa hapa watu husema: "Basi, hayo ya pembeni ndiyo yataharibika, yale ya katikati yatapona." Sivyo. Kuku anapoatamia huyageuza mayai mara nyingi kila siku. Yai lililo katikati leo, kesho liko pembeni. Kwa hiyo mayai yote hupoa kwa zamu. Ukiongeza mayai 4 ya tamaa, unaweza kuharibu hata yale 9 mazuri.

Ching'wekwe apewe mayai yake mwenyewe 8 hadi 10. Kama mayai ni ya kuku mkubwa, apewe 6 au 7 tu. Tazama mwenyewe: kuku akishakaa, yai lisionekane nje ya manyoya yake.

CHAGUA MAYAI

Kwanza, awepo jogoo. Yai la mtetea asiyepandwa halina kifaranga, hata likilaliwa mwezi mzima. Jogoo mmoja anatosha mitetea 10. Jogoo asiwe ndugu wa mitetea yako. Badilishana na jirani.

Pili, chagua mayai ya ukubwa wa kawaida, yasiyo na ufa. Yasizidi siku 7 tangu kutagwa. Yaweke mahali penye ubaridi na kivuli, ile ncha nyembamba ikiwa chini. Upande ule mnene una nafasi ya hewa ambayo kifaranga ataivuta kabla ya kutoka. Usiyaoshe mayai, kwa sababu maji huondoa utando wake na kuingiza uchafu.

Tatu, weka alama kwa penseli kwenye kila yai. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapofaa. Kuku wengine hupenda kutaga kwenye kiota cha mwenzao. Kila siku tazama. Yai lisilo na alama ni la mgeni, litoe.

KIOTA

Tengeneza kiota kwa kikapu, boksi au chungu kilichovunjika. Kiwe na nafasi ya kuku mmoja tu kujigeuza. Weka udongo kidogo chini, halafu nyasi kavu laini, katikati pabonyee kidogo. Nyunyiza majivu kwanza ili kuzuia utitiri na viroboto. Wadudu hawa humnyonya kuku usiku, mwisho hushindwa kuvumilia, akayakimbia mayai.

Kiota kiwe mahali pa giza na utulivu, mbali na watoto, mbwa na panya. Mhamishe kuku usiku. Ukimhamisha mchana atarudi alikotoka.

SIKU 21

Yai la kuku huchukua siku 21, yaani wiki tatu kamili. Ukimlalisha kuku Jumatatu, tazamia vifaranga Jumatatu ya tatu baada ya hiyo. Andika tarehe ukutani kwa mkaa.

Kuku anayeatamia hutoka mara moja kwa siku, kwa dakika 15 au 20, kula, kunywa na kujisaidia. Weka nafaka na maji karibu ili asiende mbali. Akikawia, mayai yanapoa.

Siku ya 7, usiku, pima mayai. Kunja karatasi ngumu iwe kama bomba, weka yai upande mmoja, mulika kwa tochi upande wa pili. Ukiona mishipa ya damu imesambaa kama mizizi midogo, kifaranga anakua. Yai likiwa jeupe ndani, bila kitu, halina kifaranga. Litoe lisichukue nafasi ya mwenzake.

Siku ya 21 utasikia sauti ndani ya mayai. Usiwe na haraka ya kubandua ganda. Kifaranga huweza kuchukua saa nyingi, hata siku nzima, tangu kutoboa tundu la kwanza hadi kutoka. Ukimvuta, mishipa yake itatoka damu, naye atakufa mikononi mwako. Pia usihangaike kumlisha siku hiyo. Bado ana akiba ya kiini cha yai tumboni.

VIFARANGA WASIACHWE HIVI HIVI

Kazi haijaisha. Vifaranga wengi wa kienyeji hufa katika wiki za kwanza, kwa baridi, njaa, mwewe na magonjwa. Koo anayetembea nao shambani tangu siku ya pili huwamaliza mmoja mmoja bila yeye kutaka. Yeye ana miguu mirefu, wao hawana.

Kwa mwezi wa kwanza wafunike yeye na wanawe kwenye tenga mchana, na usiku walale ndani. Wape chenga laini za mahindi au mtama zilizochanganywa na dagaa waliotwangwa. Mchwa pia ni chakula kizuri sana. Majani mabichi yakatekate. Chakula chenye ukungu usiwape kabisa. Maji yawe kwenye kisahani, na uweke kokoto ndani wasizame. Sakafu iwe kavu, kwani unyevu huleta kuhara damu.

KIDERI

Adui mkubwa kuliko mwewe ni kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kikiingia kijijini kinaweza kumaliza kuku wote kwa siku chache. Kideri hakina dawa. Kina chanjo.

Iko chanjo iitwayo I-2, ambayo hutengenezwa hapa hapa Tanzania. Hutolewa tone moja katika jicho, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chupa moja huchanja kuku wengi. Basi, changeni fedha na majirani, mchanje siku moja. Ukichanja peke yako, kuku wa jirani watabaki wakiugua pembeni yako. Kuku aliyekwisha ugua chanjo haimponyi. Kamuone bwana mifugo mapema, akueleze pia siku za kuchanja vifaranga.

TUFANYE HESABU

Tuseme Mama wa nyumba ya kwanza aliweka mayai 13. Yakatoka vifaranga 4. Wakaachwa watembee, mwewe akachukua 2, baridi ikaua 1. Amebaki 1.

Mama wa nyumba ya pili aliweka mayai 9. Yakatoka 7. Akawatunza kwenye tenga mwezi mzima, wakafa 2. Wamebaki 5.

Nani alikuwa na tamaa, na nani amepata? Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mayai mengi huharibu hata yale mazuri?
2. Mtetea wako mdogo kabisa anaweza kufunika mayai mangapi? Nenda ukamtazame.
3. Katika kitongoji chenu, kuku walichanjwa kideri lini mara ya mwisho? Kama hakuna anayekumbuka, mnangoja nini?