Tujifunze Kihispania (4): Irabu Inapogeuka

Ukiketi mkahawani Hispania, hata mtu usiyemjua akipita mezani pako hukwambia que aproveche, yaani chakula kikunufaishe. Tazama mwisho wa maneno hayo mawili: aproveche, kikunufaishe. Yote yameishia na e, na kwa sababu ileile. Ni dua. Hiyo ndiyo dhamira tegemezi, somo ambalo wanafunzi huliogopa kuliko yote, ilhali Mswahili amelinyonya na maziwa ya mama: nataka useme, quiero que hables. Na mtenda akiwa mmoja, lugha zote mbili huacha kugeuza: nataka kusema, quiero hablar.

Kuunda si kazi. Chukua nafsi ya kwanza ya wakati uliopo, hablo. Dondosha o, tia e: hable, hables, hable, hablemos, habléis, hablen. Lakini vitenzi vya -er na -ir tayari vina e katika usemi wa kawaida, kwa hiyo vyenyewe hugeukia a. Comer (kula) huwa coma, comas, coma, comamos, comáis, coman. Vivir (kuishi) hufuata njia hiyohiyo: viva, vivas. Hapa sikio letu hutuponza. Limezoea e, nasi tunasema quiero que comes, kosa ambalo nimelisikia mara nyingi. Sema quiero que comas.

Tahajia nayo hubadilika mara nyingine: llegar (kufika) huandikwa llegue na buscar (kutafuta) huandikwa busque, ili sauti ya g na ya k zisipotee.

Ugumu wenyewe uko kwenye matumizi. Sisi tunaitumia e kwa kutaka, kuomba na kuagiza. Mhispania huivusha hadi kwenye hisia na shaka, mahali ambapo Kiswahili hakigeuzi kitu. Nafurahi kwamba unaishi hapa: me alegra que vivas aquí. Sidhani kama anakula nyama: no creo que coma carne. Hata jambo ambalo bado halijatokea: utakapofika, nipigie, cuando llegues, llámame. Mifano hii mitatu iandike daftarini, uisome kwa sauti kila siku.

Kisha jifunze neno ojalá. Limetokana na Kiarabu cha Andalusia, nchi iliyotawaliwa na Waislamu kuanzia 711, hadi Granada ilipoanguka 1492. Ndani yake limo jina la Mwenyezi Mungu, kama lilivyo katika inshallah yetu, na kitenzi kinachofuata hugeuka daima. Ojalá llegue hoy: inshallah afike leo.