Cuthbert na Siku Saba za Kusoma

Sogeeni karibu na redio. Leo tutasikia habari za Cuthbert, mtawa wa Kikristo aliyeishi zamani sana kaskazini ya Uingereza. Mtawa ni mtu aliyeacha ndoa na mali ili aishi kwa sala na kazi.

Cuthbert alikuwa mchunga kondoo. Mwaka 651 aliingia nyumba ya watawa ya Melrose. Mwalimu wake aliitwa Boisil. Siku moja Boisil alishikwa na tauni, akajua kuwa amebakiwa na siku saba tu. Akamwita Cuthbert ajifunze kwake maadamu ulimi wake una nguvu. Cuthbert akamwuliza, je, kwa siku saba tu wataweza kumaliza kitabu gani? Boisil akachagua Injili ya Yohana, kwa kuwa kitabu chake kilikuwa na mafungu saba. Kila siku wakasoma fungu moja. Walipomaliza, Boisil akafa.

Mwaka 676 Cuthbert alikwenda kukaa peke yake katika kisiwa kidogo cha Farne. Alipanda ngano, haikuota. Akapanda shayiri, tena wakati wake umekwisha kupita, nayo ikastawi. Ndege wakaja kuila. Cuthbert akawakemea kwa kuvuna wasichopanda, nao wakaruka, wasirudi tena. Yasemwa pia kwamba usiku mmoja alisali ndani ya bahari yenye baridi. Alipotoka, fisi maji wawili wakamkausha miguu kwa manyoya yao.

Mwaka 685 alifanywa askofu, akafa tarehe 20 Machi, 687.

Je, tumepataje habari hizi? Mtawa Bede aliwauliza watu waliomjua Cuthbert, akaandika kitabu yapata mwaka 721. Watu wa siku zile waliyaita mambo hayo miujiza. Wewe msomaji, pima mwenyewe. Lakini kama Bede asingeandika, leo tusingekuwa na la kupima.

Mwaka 1104, jeneza la Cuthbert lilipofunguliwa, mlionekana kitabu kidogo cha Injili ya Yohana. Kitabu hicho kipo hata leo mjini London.

Basi, mwanafunzi, usiseme muda umekupita. Fungu moja kwa siku latosha.

MASWALI
1. Kwa nini Boisil alichagua Injili ya Yohana?
2. Ndege walifanya nini walipokemewa?
3. Bede alipata habari zake kwa nani?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.